Tusiitwike "chukua" mizigo isiyo yake

Hivi majuzi, katika zahanati moja, nilimsikia mhudumu akimwambia ajuza mmoja: "Nyanya, chukua dawa hizi mara tatu kwa siku." Ajuza akashtuka. "Mjukuu wangu," akauliza, "nauli ya kuja kuzichukua mara tatu kila siku nitaitoa wapi?"

Tuliokuwa foleni tuliangua kicheko. Hata hivyo, kosa halikuwa la ajuza. Yeye alisikia Kiswahili. Mhudumu alikuwa akisema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili.

Chanzo cha balaa hili ni kitenzi "take". Kwa Mwingereza, kitenzi hicho hutosha kwa dawa, picha, kiapo, basi na mtihani. Nasi tumeyatwika yote hayo "chukua", ilhali katika Kiswahili picha hupigwa, kiapo huliwa, basi hupandwa na mtihani hufanywa. Ama dawa, ipo ya kunywa, ya kumeza, ya kutafuna na ya kupaka. Anayemwambia mgonjwa "chukua" amemficha jambo ambalo huenda uhai wake unalitegemea.

Si kwamba "chukua" ni fukara wa maana. Chombo huchukua abiria, mwanamke huchukua mimba, vazi humchukua aliyelivaa likampendeza, na wanaopatana huchukuana. Hizo ni maana zake halali, wala haihitaji kuazimwa nyingine.

Wapo watakaoteta kwamba lugha hukua kwa kukopa. Naam, hata "take" si mzawa wa Uingereza. Kitenzi hicho kililetwa na Waskandinavia walioanza kuhamia huko katika karne ya 9, na hatimaye kikalisukuma kando neno la kale la wenyeji, "niman". Leo hii Mwingereza wa kawaida halitambui neno hilo la wahenga wake. Iwapo mgeni mmoja aliweza kumfukuza mwenyeji mmoja, je, tafsiri hii yetu ya pupa haitafukuza vitenzi vingapi?

Enyi walimu, watangazaji na wauguzi, ninyi ndio mnaosikilizwa na umma. Mwambieni mgonjwa ameze tembe, mwambieni mpiga picha apige. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao.