Bitiruti Uwani kwa Mkulima wa Karafuu

Karafuu haina ahadi. Mwaka mmoja mti huinama kwa mzigo, na mwaka wa pili mchumaji hupanda mpaka kileleni akashuka na pishi moja tu. Kila mwanachama aijua miezi ile ya katikati, fedha za msimu zimekwisha na mwenye duka amefungua daftari. Bustani ndogo ya uwani haiwezi kulipa deni la duka, lakini yaweza kuiondoa mboga katika deni hilo. Leo basi tutaeleza habari za bitiruti, ambayo wengine huiita kiazi sukari, na ambayo wengi wetu twadhani ni chakula cha mahoteli tu.

Asili ya mmea huu ni pwani za Ulaya na Bahari ya Mediterania, kwa hivyo hupenda ubaridi. Kwetu sisi wakati wake ni kipupwe. Masika yakisha kukatika, mwezi wa Juni, panda mara moja. Ukingoja mpaka kaskazi, jua litaiunguza miche, na zile zitakazopona zitakuwa na duara nyeupe ndani na ladha hafifu.

Usiipande chini ya mikarafuu. Hapo kivuli ni kingi na mizizi ya mti itakula mbolea yako yote. Chagua pahala peupe karibu na maji, lima kwenda chini futi moja, toa mawe, kisha changanya samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huifanya mizizi igawanyike kama vidole. Nyunyiza na majivu ya jikoni kidogo, maana bitiruti haipendi udongo mchachu. Walio upande wa mawe, ambako udongo ni haba, na wainue tuta.

Sasa tuje kwenye mbegu, kwani hapa ndipo wengi tunapokosea. Ile chembe yenye makunyanzi unayoiona si mbegu moja, bali ni kifundo cha mbegu mbili, tatu au nne zilizoshikana. Mwandishi wa habari hizi, mara yake ya kwanza, aliona miche imesongamana akafurahi, akaona uchungu kuing'oa. Baada ya miezi miwili alivuna mikia ya panya! Basi roweka mbegu usiku mmoja, zifukie kiasi cha nusu inchi, mstari hata mstari futi moja. Miche ikifika urefu wa kidole ipunguze, ubakishe mmoja kila inchi nne. Uliyoing'oa usiitupe, ipike pamoja na mchicha, kwani ni jamaa moja.

Mwagilia maji kila siku isiponyesha, kwa kiasi. Tuta likikauka kabisa kisha likapata maji mengi kwa ghafula, viazi hupasuka. Kuku nao wazuilieni kwa ua wa makuti.

Bitiruti huwa tayari baada ya siku 60 hivi. Kipimo ni chungwa dogo. Hapa pana jambo la kuangaliwa: kama karafuu zimeiva wakati huo huo, nyumba nzima iko shamba na bustani husahauliwa, na kiazi kikizidi ngumi huwa kigumu, chenye nyuzi. Ni afadhali kupanda mstari mmoja mmoja kila baada ya wiki mbili, ili zisiive zote pamoja. Mbegu itawabidi kununua kila mwaka, kwani mmea huu hautoi ua mpaka upate baridi kali ambayo visiwa vyetu havina.

Ukiing'oa, kata majani ukiache kikonyo cha inchi mbili, wala usikate mkia wala usimenye. Ukiijeruhi, rangi yote na utamu huishia katika maji ya sufuria. Ichemshe nzima kwa muda wa dakika 40 mpaka saa moja, hata njiti iingie bila ya nguvu. Itie katika maji baridi, na ganda litatoka kwa kusugua na kidole. Kata vipande, tia kitunguu, chumvi na ndimu. Ndimu huihifadhi rangi. Majani yapikwe kwa tui kama mchicha. Wenye maradhi ya mawe ya figo wasiyale kwa wingi.

Tuwaonye pia ya kuwa asiyeizoea huenda akaona mkojo mwekundu kesho yake. Jirani yetu mmoja alikwisha vaa kanzu kwenda hospitali, mkewe ndiye aliyekumbuka chakula cha jana. Ni rangi tu, haidhuru.

Zilizozidi zifanyeni achari: vipande vilivyochemshwa, siki iliyochemka pamoja na sukari na chumvi kidogo, na karafuu nne au tano za nyumbani. Fungeni katika chupa safi, mkae wiki moja kabla ya kuonja.