"Mtu wa tatu" ni wewe abiria

MAJUZI mama mmoja, jirani yangu, aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaniambia: "Mwalimu, nisomee hii kabla sijatia sahihi." Paja lake lilivunjika matatu aliyoabiri ilipobingirika. Karatasi ilisema kwamba akipokea shilingi 80,000 atakuwa amelipwa kikamilifu, wala hatakuwa na dai jingine lolote milele. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba hiyo ni stakabadhi ya pesa za dawa.

Mimi si wakili; kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakudai fidia mapema, jibu lake lilinigusa kama mwanaisimu. Alisikia kwamba gari hilo lilikuwa na bima ya "mtu wa tatu" tu. Akahesabu: dereva wa kwanza, utingo wa pili, mwenye gari wa tatu. Yeye hakujiona mle.

Hesabu ya sheria ni nyingine. Wa kwanza ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule aliyeumizwa na gari: mpita njia, mwendesha baiskeli, na abiria aliyelipa nauli. Kwa ajili yake, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inakataza gari kutumiwa barabarani bila bima hiyo. Katika sarufi, nafsi ya tatu ni yule anayesemwa ilhali hashiriki mazungumzo. Sharti nikiri kwamba wanasheria hawakukosea sana katika kuteua jina.

Je, kampuni hulipa mara moja? La. Majeruhi humshtaki dereva na mwenye gari, akathibitisha uzembe, na kampuni ipewe ilani ya kesi hiyo kwa muda uliowekwa na sheria. Akishinda, kampuni inawajibika kulipa, ingawa tangu marekebisho ya 2006 dhima hiyo haizidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Jina la kampuni hupatikana katika taarifa ya ajali itolewayo na polisi. Asiyeichukua huanza safari gizani. Kutofunga mkanda hakuliui dai, ila huenda hakimu akapunguza fidia.

Linalowaangamiza wengi ni wakati. Kesi ya majeraha sharti ifunguliwe kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Ikiwa gari ni la Serikali, miezi 12 pekee. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo. Mama huyu alikuwa ameambiwa "njoo Ijumaa" kwa miaka miwili na miezi kumi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Basi kwa nini hati inayomvua mtu haki yake yote iandikwe kwa lugha asiyoijua, kisha afasiriwe kwa mdomo na yule yule anayetaka aitie sahihi? Bunge lingeweza kuamuru kwamba hati kama hiyo isiyoandikwa pia kwa Kiswahili, au kwa lugha aijuayo majeruhi, iwe batili. Sioni gharama yake ila wino.

Jumatatu nilimsindikiza kwa wakili. Zimesalia wiki saba. Karatasi ile ingali mezani pangu, haina sahihi.