Kipepeo wa Amani: Pupa ilikosa soko, picha je?

KWA wakulima wengi kipepeo ni mdudu wa kupita tu. Lakini katika vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza, mdudu huyo aliwahi kuingiza fedha za kigeni. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima hao wa Usambara Mashariki walifuga vipepeo kwenye vizimba vya neti, wakalisha viwavi na kuuza pupa kwa kumbi za maonyesho za Ulaya na Marekani.

Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na soko likakatika. Kilichobaki ni ujuzi: kumjua kila kipepeo na mmea anaokula. Mgeni mwenye kamera anauhitaji ujuzi huo, na picha haisafirishi mnyama hai.

Kutambua vipepeo si kazi rahisi. Dume la Papilio dardanus lina rangi ya manjano na mikia kwenye mabawa. Majike mengi ya bara la Afrika hayana mikia, na huiga sura ya vipepeo wenye sumu ambao ndege huwakwepa. Asiyejua atadhani ni aina mbili tofauti.

Hivyo picha moja haitoshi. Ipigwe ya juu ya mabawa na ya chini yake, kisha iandikwe tarehe, mahali, mwinuko na mmea aliotua. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kwani vipepeo hutandaza mabawa kuota jua kabla ya kuruka. Mpiga picha asogee polepole, kivuli chake kisimwangukie kipepeo.

Aidha, rekodi hizo humfaa mkulima mwenyewe. Viwavi wa Papilio demodocus, kwa mfano, hula majani ya michungwa na milimau.

Hata hivyo, hesabu ya kijiji ifanywe kwa uangalifu. Fedha ya pupa ilifika kwenye kaya iliyofuga. Ada ya mgeni humfikia kwanza anayemwongoza. Mwenye shamba aliyeacha ukingo wa msitu bila kuufyeka wala kuupulizia dawa asipopata mgawo, hana sababu ya kuuacha msimu ujao. Ukingo huo ukilimwa, hakutakuwa na kipepeo wa kupiga picha. Makubaliano ya mgawo yatangulie kamera.