Vifaranga wa Kiganjo Hawatatosha

Mwaka 1905 mambo mawili yasiyohusiana yalitokea pande mbili za dunia, na yote yalimgusa samaki wa maji baridi. Katika mto Gura wa Nyeri, Kenya, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua, mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti wa kahawia waliotoka Loch Leven, Uskoti. Mwaka huohuo, katika jangwa la Nevada, Marekani, lilikamilika bwawa la Derby, nalo likaanza kuyachepusha maji ya mto Truckee kwenda mashambani. Nyeri ilipata trauti ambaye haikuwa naye. Nevada ikaanza kumpoteza wake. Namna Nevada ilivyompata tena ni somo kwa kila anayetamani trauti wakubwa, wanaojizalia wenyewe, katika Gura, Chania, Thego au Burguret. Kituo cha kuzalisha vifaranga huongeza idadi ya samaki. Ukubwa wao na uzao wa kudumu hutegemea maji wanamoishi.

Ziwa Pyramid, linalopokea maji ya Truckee, linafanana na Turkana kwa mengi: jangwa pande zote, maji yenye chumvi kiasi, na hakuna mto unaotoka. Trauti wake wa asili, aitwaye trauti wa Lahontan, hukulia ziwani lakini hupanda mtoni kutaga. Mmoja aliyevuliwa mwaka 1925 alizidi kilo 18. Maji yalipochepushwa, ziwa likashuka kwa zaidi ya mita 20, mlango wa mto ukaziba kwa mchanga, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 uzao ule ulikuwa umekwisha ziwani. Kwa miongo kadhaa baadaye walimwagwa vifaranga wa koo nyingine za trauti huyo. Walikua na kuvuliwa, lakini majitu ya zamani hayakurudi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wakakuta trauti wadogo katika kijito cha mlima Pilot Peak, mpakani mwa Nevada na Utah, nje kabisa ya makazi yao ya asili, ambako walikuwa wamepandikizwa zamani. Vinasaba vyao vililinganishwa na vya samaki waliohifadhiwa katika makumbusho, na ikadhihirika kuwa ndio ukoo uliopotea. Waliachiliwa ziwani kuanzia 2006. Muongo haukuisha kabla wavuvi hawajaanza kunasa samaki wa kilo 9 na zaidi, na mwaka 2014 trauti walionekana wakitaga katika Truckee kwa mara ya kwanza tangu 1938.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba siri yote ilikuwa damu. Lakini samaki haohao, wenye damu ileile, waliishi miongo mingi katika kijito cha Pilot Peak bila kuwa wakubwa. Walihitaji ziwa pana lenye samaki wa asili wa kuwala, na ili watage walihitaji mto unaotiririka. Mto huo ulipiganiwa. Wapaiute, wenyeji wa Pyramid, walidai haki yao mahakamani kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 mahakama ilikubali kwamba bwawa la Stampede, lililoko juu ya Truckee, litumike kuwafungulia samaki maji. Bila maji hayo, ukoo uliopatikana Pilot Peak ungebaki wa kumwagwa ziwani kila mwaka.

Huku kwetu Mlima Kenya hakuna ukoo uliopotea wa kutafutwa. Trauti wa kahawia ni wa Uskoti, na wa upinde wa mvua aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Kituo cha Kiganjo kimekuwa kikizalisha vifaranga tangu 1948, na kazi yake ni ya heshima. Basi kinachobaki kurekebishwa ni mto wenyewe. Trauti hufukia mayai yake katika changarawe, na mayai hupumua kwa maji yanayopenya kati ya kokoto. Viazi vikilimwa kwenye mteremko hadi ukingoni, udongo huoshwa, ukajaza nafasi hizo, na mayai hufa kabla ya kuanguliwa. Miti ya ukingo ikikatwa, maji hupata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Mabomba ya kuchota maji yakizidi wakati wa kiangazi, samaki hubaki kwenye vidimbwi, wakigombania chakula haba, na hakuna atakayenenepa hapo. Wengi hulaumu kuyeyuka kwa barafu kileleni. Barafu ile inasikitisha, lakini mchango wake mtoni ni mdogo mno. Maji ya Februari hutoka ardhini, chini ya msitu, ambako mvua ya nyuma ilizama.

Mkulima wa Kieni atauliza, na ana haki: je, samaki wa watalii anywe maji kabla ya kabichi zangu? Sheria ya Maji ya Kenya tayari inataka kila mto uachiwe akiba, kwanza kwa mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha kwa uhai wa mto wenyewe. Akiba hiyo ndiyo inayomfikia mfugaji wa Samburu chini kabisa ya Ewaso Ng'iro. Njia ya haki ni kuhifadhi mafuriko ya masika katika vidimbwi vya shambani, ili Januari bomba lipumzike. Hata Nevada kilimo hakikuzimwa, kiliwekewa kiwango.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba trauti ni mgeni mlafi. Ni kweli. Hula wadudu, vyura na samaki wadogo wa asili, kama kambare wanaojibana chini ya mawe. Hivyo sidai asambazwe popote pale. Katika mito alimoishi zaidi ya miaka 100, uzao wake ni kipimo kizuri cha ubaridi na usafi wa maji, na kuulinda kunawalinda wote walio chini ya mto. Ila vijito ambavyo hajafika viachwe bila yeye, na samaki wa asili waliomo waorodheshwe, kijito kimoja baada ya kingine, kabla kibali kipya cha kuchota maji hakijatolewa.