Kanieneo na Kisigino cha Mgonjwa Aliyelala

Neno kanieneo, ambalo wengi walikutana nalo katika somo la sayansi, limebeba maana yake ndani yake: ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Mwanamke wa Samuye atokaye kisimani na ndoo ya lita 20 huitumia kanuni hiyo kila siku. Uzito wa maji, takribani nyutoni 200, haubadiliki; lakini ngata huutandaza juu ya sehemu kubwa zaidi ya utosi, na maumivu hupungua.

Kanuni hiyo hiyo humhusu kijana aliyerudishwa nyumbani kutoka machimbo ya Geita baada ya kifusi kumvunja uti wa mgongo. Damu hupita katika kapilari za ngozi kwa kanieneo ndogo, yapata milimita 30 za zebaki, yaani paskali 4,000. Tuseme kisigino kimebeba nyutoni 20 tu juu ya sentimita 10 za mraba: kanieneo hufikia paskali 20,000. Vimishipa hubanwa, damu hukosa njia, na hali hiyo ikidumu kwa saa kadhaa nyama huanza kufa. Mwenye afya huhisi maumivu akajigeuza, hata usingizini. Aliyepooza hahisi lolote.

Kwa hiyo eneo liongezwe na muda upunguzwe. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Nyutoni zile 20 zikitandazwa juu ya sentimita 200 za mraba, hubaki paskali 1,000. Mgonjwa ageuzwe yapata kila saa 2, usiku pia, kwa kuinuliwa, si kwa kuburutwa juu ya shuka.

Baadhi ya ndugu, kwa nia njema kabisa, humviringishia mgonjwa kitambaa mfano wa ngata na kukiweka chini ya makalio. Hapo ngata hudhuru. Mwili uliokuwa ukilalia godoro sasa hulalia duara jembamba, nalo huibana ngozi pande zote na kuinyima damu sehemu ya katikati. Isitoshe, mchota maji hutua ndoo afikapo nyumbani, mgonjwa hatui.

Katika ngozi nyeusi, wekundu unaotajwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Mhudumu atazame weusi uliozidi, apapase penye kifupa cha mkia, nyonga na visigino, akitafuta joto, ubaridi au ugumu usio wa kawaida. Alama isiyofifia baada ya mgonjwa kugeuzwa isikandwe wala kusuguliwa. Ionyeshwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo, kabla ngozi haijachanika.