Wateja wa Mwanzo kwa Anayetembeza Bidhaa

Ukianza kutembeza manukato au mabaibui, wateja wako wa mwanzo huwa ni jamaa, majirani na unaoswali nao. Hakuna ubaya, ila usiuzie ndani ya msikiti, kwani Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amekataza, ngojea mtoke.

Wengi huliacha suala la ridhaa. Shangazi akinunua kwa kukuonea haya tu (na jamaa hapendi kukuvunja moyo), hajaridhia, na pesa isiyotolewa kwa ridhaa haikuhalalikii. Basi mwonyeshe bidhaa, mtajie bei na kasoro yake, kisha mwache aende zake akafikiri. Atakayerudi mwenyewe kununua tena, huyo ndiye wa kumuomba akuelekeze kwa wengine.