Saa Mbili Ipi? Maana ya Kufika kwa Wakati Kazini na Kwenye Miadi

Chukua mfano wa barua ya usaili wa kazi iliyoandikwa "saa 2:00". Kijana wa Sagalla anaisoma kwa Kiswahili na kufika Voi saa mbili asubuhi, amevaa vizuri, vyeti mkononi. Aliyeiandika alikuwa akifikiria saa ya Kiingereza, yaani saa nane mchana. Huyo kijana angalau atasubiri kivulini. Lakini kama barua ingesema "8:00", naye akaielewa kuwa saa nane mchana, angechelewa kwa muda wa saa sita na nafasi ingekuwa imekwenda. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo. Kosa liko kwenye saa yenyewe.

Wakazi wa Taita Taveta, kama Wakenya wengine, hutumia hesabu mbili za saa kwa siku moja. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa ya Kiingereza huanza usiku wa manane. Wapo wanaoicheka ile ya kwanza na kuiita "saa za Kiafrika", kana kwamba ni saa isiyo na mpaka. Ukweli ni kwamba Voi iko zaidi kidogo ya digrii tatu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima muda wa jua kuchomoza hausogei zaidi ya takriban nusu saa. Mtu anayeishi hapa akisema "saa moja asubuhi", anataja wakati unaojulikana wazi. Jijini London, ambako mchana wa Juni ni karibu mara mbili ya ule wa Desemba, hesabu ya namna hiyo ingewasumbua watu.

Tatizo huanza pale tarakimu zinapoandikwa bila maneno. Simu, tiketi, barua za ofisi na hati za mahakama hutumia tarakimu za Kiingereza, ilhali mdomo hutumia Kiswahili. Dawa yake haina gharama: anayetoa miadi aandike wakati kwa maneno na ataje sehemu ya siku, kisha aongeze tarakimu, kwa mfano "saa mbili asubuhi, 8:00". Anayepokea miadi naye aurudie wakati huo kwa sauti kabla ya kuondoka dirishani au kukata simu. Na miadi ya "asubuhi" au "baada ya chakula" haijawa miadi bado. Kwa mtu mmoja asubuhi huisha saa nne, na kwa mwingine huisha njaa ikimshika.

Kazini, kufika kwa wakati kuna maana finyu kuliko wengi wanavyodhani. Zamu inayoanza saa moja haimaanishi kupita langoni saa moja. Inamaanisha mfanyakazi yuko mahali pake saa moja, tayari kwa kazi. Dakika za kubadilisha nguo, kutia sahihi na kupokea maelezo ni sehemu ya hesabu anayopaswa kuifanya kabla ya kutoka nyumbani. Jambo hili huonekana wazi zaidi kwenye kazi za zamu. Mlinzi wa usiku hawezi kuacha lango kabla ya mwenzake kufika, na muuguzi hawezi kuiacha wodi. Anayechelewa saa nzima amechukua saa nzima ya mtu mwingine, ambaye pengine ana mtoto wa kupeleka shule au kitanda ambacho hajakiona tangu jana. Mara nyingi saa hiyo hailipwi na yeyote.

Sheria ina neno kuhusu haya, na inafaa pande zote mbili zilijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inautaja utoro, yaani kukosa kuwa mahali pa kazi bila ruhusa wala sababu halali, kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu afutwe. Lakini kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kwanza amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua, na asikilize utetezi wake. Kumfukuza mtu langoni kwa hasira asubuhi ileile si utaratibu unaokubalika. Anayeamini amefutwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Na hapa pia muda una mwisho wake.

Kuhusu mshahara, kuna desturi inayowaumiza vibarua wengi: kuchelewa dakika 20 na kukatwa siku nzima. Kifungu cha 19 cha sheria hiyo kinamruhusu mwajiri kukata kiasi kisichozidi ujira wa siku moja kwa kila siku ambayo mfanyakazi hakuwepo kwa siku nzima bila ruhusa wala sababu halali. Kifungu hicho kinasema siku nzima. Mtu aliyefika amechelewa, akapewa kazi na kuifanya hadi jioni, hakukosa siku nzima. Mwajiri ana haki ya kumwonya, hata kwa maandishi, na onyo la tatu au la nne huwa na uzito wake likifikia kikao cha nidhamu. Asilo nalo ni ruhusa ya kula jasho la siku hiyo.

Kliniki ina hesabu nyingine kabisa. Akina mama hulalamika kwamba waliambiwa walete watoto siku fulani asubuhi, na aliyefika alasiri akaambiwa arudi siku nyingine ilhali chanjo ipo kwenye jokofu. Sababu yake ni chupa. Chanjo ya surua na rubela, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, huja ikiwa unga kwenye chupa ya dozi 10. Muuguzi akishaichanganya na maji yake, inapaswa kutumika ndani ya saa sita, na itakayobaki hutupwa. Ile ya kifua kikuu ambayo mtoto hupewa anapozaliwa, BCG, ina masharti kama hayo, na chupa yake huwa na dozi nyingi zaidi. Watoto wanane wakija pamoja asubuhi, chupa moja inatosha. Wakija mmoja mmoja kutwa nzima, zahanati ndogo ya mlimani inaweza kufungua chupa ya pili kwa ajili ya mtoto mmoja na kumwaga dozi tisa. Hata hivyo mzazi aliyechelewa asikae nyumbani kwa aibu. Mtoto aliyepitwa na tarehe bado anahitaji chanjo, na muuguzi atampangia siku.

Wapo pia wanaotakiwa kupimwa sukari kabla ya kula. Akifika saa tano badala ya saa mbili, mgonjwa wa kisukari amekaa na njaa muda mrefu kuliko inavyofaa, au amekata tamaa akanywa chai njiani, na kipimo hakisemi tena kile daktari alichotaka kujua. Kwa wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, tarehe ya kurudi kliniki hupangwa kulingana na vidonge walivyopewa. Kuchelewa siku tano kunaweza kuwa siku tano bila dawa, na vijidudu hutumia nafasi hiyo kujizoeza.

Mahakamani na kwenye zabuni hakuna mjadala mrefu. Katika kesi ya madai, mlalamikaji asipofika kesi inapoitwa na mshtakiwa akawepo, kesi inaweza kutupwa. Mshtakiwa asipofika, inaweza kusikizwa bila yeye. Aliye nje kwa dhamana katika kesi ya jinai akikosa kufika, hakimu anaweza kutoa agizo akamatwe. Zabuni nazo, chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, zikifika baada ya saa ya mwisho hurudishwa bila kufunguliwa. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali, na inasikitisha kuona kikundi kilichohangaikia karatasi wiki mbili kikikosa kwa sababu gari lilikuwa bado linajaza abiria stejini.

Gari hilo linastahili kuzungumziwa. Matatu za Wundanyi, Mwatate, Taveta na Voi hazina saa ya kuondoka. Huondoka zikijaa. Kwa hiyo safari haianzi mtu anapopanda, huanza dereva anapowasha injini, na kati ya hayo mawili inaweza kupita dakika tano au saa nzima. Siku ya soko gari hujaa haraka. Katikati ya wiki, saa nne asubuhi, makanga huita hadi sauti ikakauka. Kisha kuna barabara. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, lakini lami ya siku hizi imefanya safari hiyo itabirike. Kutoka Wundanyi kushuka Mwatate ni karibu, ila kona za mlimani hazikubali haraka, na ukungu ukishuka dereva mwenye busara hupunguza mwendo zaidi. Hesabu ya kuaminika ni ile inayoanzia kwenye miadi na kurudi nyuma: muda wa kufika, muda wa barabara, muda wa gari kujaa, na muda wa kutembea hadi steji. Wengi huhesabu kipande cha barabara peke yake.

Kwa vijiji vinavyopakana na Tsavo kuna jambo lingine, na hili si kisingizio. Sagalla, Mbololo, Bura au Maktau, kutoka kabla ya kupambazuka ili kuwahi zamu ya saa kumi na mbili kunaweza kumkutanisha mtu na ndovu njiani. Watu wamepoteza maisha hivyo. Mwajiri anayemtaka mfanyakazi wa maeneo hayo afike gizani angefanya vyema kumpangia zamu inayoanza jua limetoka, au kumtafutia usafiri. Mfanyakazi naye aseme mapema anakoishi, siku ya kuajiriwa, badala ya kulisema siku ya kwanza anapochelewa.

Treni ndiyo imebadilisha tabia Voi kuliko tangazo lolote. Wazee wa mji wanaikumbuka ile ya zamani, ambayo ingeweza kufika saa kadhaa baada ya wakati wake, na abiria wakalala kwenye mabenchi bila kushangaa. Tangu Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, mambo ni tofauti. Stesheni iko nje kidogo ya mji, mizigo hukaguliwa, kitambulisho huangaliwa, na treni ikifika Voi husimama dakika chache tu. Ndiyo maana abiria hushauriwa wafike saa nzima kabla. Watu walewale wanaosemekana hawajui wakati wameizoea ratiba hiyo bila shida, kwa kuwa treni huondoka kama ilivyosema.

Hilo ndilo linalokosekana kwenye mikutano mingi. Baraza huitishwa saa tatu asubuhi na kuanza saa tano. Baraza linalofuata, watu huja saa tano kwa sababu wamejifunza. Waandalizi nao, wakijua watu watakuja saa tano, hutangaza saa tatu. Katika mchezo huo anayeumia ni yule mmoja aliyeamini tangazo. Mara nyingi ni mwanamke aliyeamka mapema akachota maji, akafika saa tatu kamili, na saa saba lazima arudi nyumbani. Miradi ya wadi inapofika kwenye kupigiwa kura, hayupo tena. Kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, ambayo makadirio yake hutakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, kuondoka kwake kunaweza kumaanisha kisima kimeenda kwingine. Njia rahisi ni mwenyekiti kufungua kikao saa iliyotangazwa, hata waliofika wakiwa kumi, na jambo zito liwekwe mwanzoni badala ya mwisho. Vikao viwili au vitatu vya namna hiyo vinatosha kubadilisha mazoea ya kijiji.

Ofisi za umma zina deni hilohilo. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataja utoaji wa huduma kwa haraka na kwa ufanisi kuwa miongoni mwa maadili ya utumishi wa umma, na kinagusa serikali ya kitaifa na za kaunti pia. Mwananchi aliyetoka Kasigau kwa nauli ya kukopa akafika saa mbili asubuhi, akakuta koti limetundikwa kwenye kiti na mwenyewe hayupo hadi saa nne, amecheleweshewa sawa na mwajiri aliyecheleweshewa na kibarua. Kila ofisi ya umma inatakiwa kubandika ubao wa mkataba wa huduma unaoonyesha kila huduma, masharti yake, malipo yake na muda itakaochukua. Mwananchi ana haki ya kuusoma na kuuliza kwa adabu kwa nini huduma inayosemekana kuchukua siku moja imefika wiki ya tatu. Jibu lisipopatikana kwa msimamizi wa ofisi, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, bila malipo. Anayelalamika ajiandikie tarehe aliyofika, saa aliyofika na saa aliyohudumiwa, na aandike kwa maneno kama ilikuwa asubuhi au alasiri.